Gari la spoti la zamani: ulilinunua kwa kiasi gani, na limekula kiasi gani tangu hapo?

KabuMbili (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nimeweka akiba miaka sita na sasa nataka gari la spoti la zamani kabla magoti hayajagoma kushuka kwenye viti vya chini namna ile. Nimebaki na matatu kichwani: MGB, Datsun 240Z na Jaguar E-Type. La nne, Porsche 944, nimelichomeka kwa sababu bei yake inanichekea.

Siombi bei za matangazo, maana kwenye tangazo muuzaji huandika anachokiota. Nataka wenye magari waseme: ulilipa kiasi gani ukilinganisha na bei ya gari safi la aina hiyo, na baada ya hapo likameza kiasi gani? Hutaki kutaja pesa, taja uwiano, tutaelewana.

Nimetafuta bei za kiwandani nipate pa kuanzia. MGB ilipotoka 1962 ilikuwa takriban pauni 950 kule Uingereza pamoja na kodi. E-Type ya wazi ya 1961, pauni 2,097. 240Z iliingia Marekani 1970 kwa dola 3,526. Ukiangalia leo, unasema wale watu waliokota dhahabu barabarani.

FundiMstaafu
Kijana, hizo bei zitakudanganya. Dola 3,526 za 1970 ukizipandisha na mfumuko wa bei zinakaribia 30,000 za leo. Aliyeuza 240Z yake kwa 30,000 akatamba kwamba imepanda mara nane hajaokota dhahabu yoyote. Karudishiwa pesa yake ileile, na hapo hajahesabu bima, matairi wala bati la sakafu.

Mimi nina MGB, mwaka wa 19 huu. Nililipa robo ya bei ya gari safi nikajiona mjanja. Nilipong'oa zulia nikakuta vizingiti vyote viwili, yale mabati ya chini ya milango, vimeoza. MGB haina chesisi ya peke yake, bodi ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo kizingiti kikilegea mlango nao unaanza kugoma kufunga. Kuchomelea na rangi tu vilikula mara mbili ya nilichomlipa muuzaji. Ongeza injini kushushwa, viti na turubai, jumla nikawa nimetoa bei ya gari safi na robo yake juu. Sijutii, ila nisingerudia.

Spea lakini ni raha tupu. Zilitengenezwa zaidi ya 500,000 kufikia 1980 ukijumlisha zile za GT zenye paa, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 unaweza kununua hata bodi nzima mpya, iliyotoka kwenye mitambo ya awali. Ndiyo sababu pia bei haipai. Nani alipe bei ya uhaba kwa kitu kisicho haba?

BiBoneti
Shikamoo Mzee Fundi. Mimi nilikwenda njia ya pili. E-Type yangu niliinunua ikiwa imekamilika, nikalipa bei kamili na kaziada kidogo, mume wangu akaninunia wiki nzima. Huu mwaka wa saba na sijatumia hata sehemu ya kumi ya bei ile.

Siri ni faili. Muuzaji alinipa faili nene la risiti, nikakaa usiku mmoja na kikokotoo. Alikuwa ametumia karibu mara moja na nusu ya bei aliyoniuzia! Kwa kifupi nilinunua jasho lake kwa punguzo. Mleta mada, ukiwa na pesa ya gari bovu pamoja na pesa ya kulitengeneza, basi tayari unayo pesa ya gari zima. Nunua zima.

Ila E-Type si moja. Za mwanzo, za injini ya lita 3.8, ndizo zenye jina, lakini gia ya kwanza haina sinkronaizi, kile kifaa cha kulainisha kuingia kwa gia, utaisikia ikisaga kwenye foleni. Kuanzia mwisho wa 1964 wakaleta ya lita 4.2 na gia boksi bora. Ya viti vinne iliyokuja 1966 watu huikwepa kwa sababu ya umbo, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo nafuu kuliko zote. Kabla hujalipa, tazama boneti: ni pande moja kubwa pamoja na madigadi, likikunjwa utalia. Breki za nyuma nazo zimekaa katikati, pembeni ya difu. Kazi ya saa mbili kwenye gari jingine, hapa fundi anaomba umwachie gari.

FundiMstaafu
Marahaba binti. Hoja ya faili naikubali, japo risiti zinaweza kuonyesha pesa ilitoka, zisionyeshe kazi ilifanywa vizuri.

Zedi70
Mwenye 240Z hapa. Nililipata wakati hakuna anayelitaka, kwa pesa ambayo leo hainunui injini yake peke yake. Nimelitengeneza kidogokidogo kwa miaka kumi, kazi nyingi kwa mikono yangu, kwa hiyo nikiwaambia nimetumia nusu ya bei ya gari safi nitakuwa nawadanganya. Sijahesabu Jumamosi zangu.

Ninachotaka kumwonya mleta mada ni Januari 2020. Zedi moja ya 1971, safi mno, kilomita chache, iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000. Tangu siku ile kila mwenye ganda la Zedi lililolala chini ya mti anataka bei ya mnada. Nissan wenyewe, waliokuwa wakiuza magari kwa jina la Datsun, miaka ya 1990 walikusanya Zedi za zamani, wakazirudisha upya na kuziuza kwa karibu dola 25,000. Hata 50 hazikufika. Wenye michoro yote na maghala ya spea waliishia hapo, sembuse wewe na jeki moja.

Kutu ya Zedi huanzia chini ya betri, sakafuni, na kwenye mbavu za chini zinazobeba injini. Bati lake ni jembamba.

MpigaNyundo
Nyie mnahesabu senti. Ferrari 250 GTO ilikuwa dola 18,000 hivi Marekani mwaka 1962, zikatengenezwa 36. Nick Mason, mpiga ngoma wa Pink Floyd, alichukua yake miaka ya 1970 kwa takriban pauni 37,000, watu wakamwona kichaa. Moja iliuzwa dola milioni 48.4 mwaka 2018, nyingine milioni 51.7 mwaka 2023. Mercedes 300 SL yenye milango ya kufungukia juu ilianza kwa dola 6,820 Marekani. Mwaka 2022 moja kati ya zile 29 za bodi ya alumini ikaenda dola milioni 6.825. Mara elfu! Hayo ndiyo magari ya kununua.

Zedi70
Mkuu, mleta mada kasema ana akiba ya miaka sita, si ya karne sita.

FundiMstaafu
Na MpigaNyundo ameruka katikati ya hadithi. Enzo Ferrari alipofariki 1988 bei ziliruka kama moto wa nyasi. GTO zikavuka dola milioni 10, kisha soko likaanguka, na katikati ya miaka ya 1990 zilikuwa zinauzwa kwa kama milioni 3. Walionunua kileleni kwa mkopo wa benki waliuza magari na nyumba. Nawakumbuka mafundi wenzangu walioachiwa magari nusu yamechunwa rangi, wenyewe hawakurudi.

MpigaNyundo
Sawa mzee, lakini aliyevumilia amecheka. Na mfano wa matengenezo: Rowan Atkinson alinunua McLaren F1 mwaka 1997 kwa pauni 540,000, akaligonga mara mbili, ukarabati wa mara ya pili ukafika kama pauni 900,000, akaliuza 2015 kwa pauni milioni 8.

BiBoneti
Ukarabati ulilipwa na bima, usisahau. Mleta mada, hilo lishike: kata bima ya thamani mliyokubaliana mapema kwa picha na tathmini. Bima ya kawaida italiona gari lako kama bati la mwaka 1969.

MkandaUlikatika
Nimesubiri mtu aguse 944, naona mnaona aibu. Nililinunua kwa pesa ambayo dada BiBoneti analipia rangi ya boneti. Muuzaji akasema mkanda wa taimingi ni mpya. Risiti? "Ipo nyumbani." Mwezi wa nne ukakatika barabarani. Kwenye injini ile valvu na pistoni hutumia nafasi moja kwa zamu. Mkanda ukienda, zinagongana. Valvu nane, zote zimepinda.

Nikatengeneza kichwa cha silinda. Klachi ikafuata, na gia boksi ya 944 iko nyuma, imeunganishwa na injini kwa bomba refu, kwa hiyo kubadilisha klachi ni kubomoa nusu ya gari. Mpaka leo nimetoa mara tatu ya bei ya kununulia. Lakini wakuu, kwenye kona za mlimani asubuhi, hilo gari linakata kama kisu kipya. Kama utalichukua, badilisha mkanda wiki ya kwanza, hata muuzaji akiapa.

KabuMbili (mleta mada)
Asanteni sana. E-Type nimeifuta, hata ile ya viti vinne ambayo kila mtu anaikwepa. Kuna MGB moja na Zedi moja nitaziona wiki hii. Nikague nini kwanza?

FundiMstaafu
Nenda na sumaku, ifunge kwa kitambaa usikwaruze rangi. Ipitishe kwenye vizingiti na kuzunguka matao ya matairi. Isiposhika, ujue chini ya rangi si bati, ni viraka vya kuficha kutu. Namba za injini baadaye.

KabuMbili (mleta mada)
Mrejesho. MGB inang'aa kama sahani ya harusi, muuzaji kanikaribisha chai. Sumaku imeshika mlangoni, nilipoishusha kwenye kizingiti ikaanguka chini. Nikaiweka tena, ikaanguka tena. Muuzaji akasema labda sumaku yangu ni mbovu. Chai nimemaliza, pesa nimerudi nayo. Zedi ni kesho asubuhi.

Zedi70
Anza chini ya betri.