Mrejesho: Kilomita 5 na wanangu, tumemaliza!

Mwezi uliopita niliuliza kama mwanangu wa miaka 8 ataweza kilomita 5 pamoja nami na dada yake wa miaka 12, maana kila mazoezi alikuwa anachomoka kwa kasi, halafu anashikwa na kichomi. Asanteni sana, jana tumemaliza wote! Kukimbia dakika 3 na kutembea 1 ndiko kulikotuokoa. Akishindwa kuongea, tunapunguza mwendo.

Kwenye kilomita ya 4 kamba ya kiatu chake ilifunguka. Dada yake, aliyekuwa ametangulia, akarudi, akapiga goti na kumfungia fundo mbili. Machozi yalinitoka.

Mbio zijazo mkubwa atakimbia kwa kasi yake, ameiva. Mdogo amelala na medali shingoni.