Muxe wa Juchitán huingia kanisani?

FundiCherehani: Wakuu, nimeona picha za muxe (waliozaliwa wanaume ila huishi kama jinsia ya tatu) wa Juchitán, Oaxaca, huko Mexico, wamevaa huipil, blauzi za kienyeji, zenye maua makubwa, wako misani. Padri hawafukuzi?

MamaSalha: Vela yao, yaani sherehe ya usiku, ya Novemba ina misa kabisa, ndipo ngoma ianze. Wazapoteki, wenyeji wa huko, husimulia kwamba Mtakatifu Vicente Ferrer, msimamizi wa mji, alibeba muxe mfukoni. Mfuko ukapasukia Juchitán. Maua hayo wengi wao huyatarizi wenyewe.

MzeeRamani: Msiwapambe mno. Wapo wazazi wanaoshukuru kupata mtoto muxe wa kuwatunza uzeeni, wapo wanaompiga. Amaranta Gómez Regalado, muxe, aligombea ubunge 2003.

FundiCherehani: Asanteni. Maua ni ya mkono au cherehani?

MamaSalha: Yote mawili. Ya mkono ghali!