Mrejesho: Ripoti yetu ya hali ya wanawake Mathare

Habari zenu wadau. Niliuliza hapa tufanyeje ili ripoti ya utafiti wetu kuhusu hali ya wanawake wa Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, isiishie kabatini. Asanteni sana, hasa dada aliyesema tuanze na vyama vya akina mama kabla ya waandishi wa habari.

Hilo ndilo lililozaa matunda. Tuliifupisha ikawa karatasi moja, upande huu maji na vyoo, upande ule mikopo na usalama wa usiku, tukaisoma kwenye mikutano ya chama. Akina mama wenyewe wakaifikisha kwenye baraza la chifu, na hapo ubishi ukawaka! Redio ya jamii ilitupa kipindi cha asubuhi. Simu zikamiminika, nyingi za wanaume, jambo ambalo sikulitarajia.

Magazeti, kimya. Ofisi moja ya kaunti ilipiga nakala muhuri, basi.

Aliyependekeza tutaje Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya 2010, ile isemayo jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe, ubarikiwe. Inahusu vyombo vya umma, lakini kamati ya maji ya mtaa, wanaume watupu, imekubali kuongeza wanawake. Wangapi? Bado wanavutana.