Mtoto anatimiza mwaka mmoja: nimnunulie woka, kigari cha kusukuma au vitabu?

Mjomba Pekee
Habari zenu wakuu. Mtoto wa kwanza wa dada yangu anatimiza mwaka mmoja Jumamosi ijayo, na mjomba wake ni mimi tu. Nimezunguka madukani siku mbili, nimerudi mikono mitupu. Nimebaki na vitu vitatu kichwani: woka (ile ya magurudumu yenye kiti katikati), kigari cha mbao cha kusukuma, au seti ya vitabu vya kurasa ngumu. Nataka kitu atakachonikumbuka nacho. Mnanishauri nini? Nawasilisha.

Mama Pacha
Hongera mjomba, lakini umeuliza nusu. Mtoto bado anatambaa, anasimama dede, au ameshaanza kutembea? Kwao kuna ngazi? Umetenga kiasi gani? Na mama yake umemuuliza? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Seremala Mstaafu
Kwangu mimi jibu ni mbao, hata kabla hajajibu hayo maswali. Na siyo lazima ununue. Tafuta mbao ngumu isiyo na vifundo, ikate vipande ishirini, kila upande sentimita tano ili kisiingie chote mdomoni. Piga msasa namba 80, kisha 120, malizia na 240. Hapo wengi wanaacha, na hapo ndipo wanapokosea. Futa kila kipande kwa kitambaa chenye unyevu, kiache kikauke. Utaona nyuzi za mbao zimesimama tena kama ndevu za siku mbili. Piga 240 mara ya pili, pole pole. Ukipitisha ulimi wako mwenyewe usisikie kitu, mpe mtoto. Rangi usipake, sugua nta ya nyuki tu.

Nimewatengenezea wajukuu wanne. Mkubwa wao sasa ana miaka kumi na moja na bado anajengea gereji za magari yake.

Bibi Wajukuu Saba
Mnunulie woka, mjukuu wangu. Nimelea watoto wanne humo na wote wanatembea vizuri. Mama anapata mikono yake, anafua, anapika, mtoto anamzunguka anacheka.

Muuguzi wa Watoto
Shikamoo bibi. Naomba nikupinge kwa heshima zote, kwa sababu hili naliona kazini.

Mtoto akiwa ndani ya woka anaweza kusogea karibu mita moja kwa sekunde moja. Mtu mzima aliye chumba kimoja naye hamuwahi. Wengi wanaoumia huanguka nayo kwenye ngazi, wakitangulia kichwa. Wengine wanafika kwenye sufuria au waya wa pasi ambao jana hawakuufikia. Kanada ilipiga marufuku woka mwaka 2004, na huko huruhusiwi hata kuuza iliyotumika. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, nacho kimeomba marufuku kama hiyo kwa miaka mingi.

Na haifundishi kutembea. Mtoto anasukuma kwa ncha za vidole huku kiti kikimbeba, wakati kutembea ni kubeba uzito wako mwenyewe na kujua mwili umeegemea wapi.

Mjomba, usiwe na haraka na miguu yake. Kwenye vipimo vya Shirika la Afya Duniani, WHO, watoto wazima huanza kutembea bila kushikwa kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi. Kutotembea siku ya kutimiza mwaka siyo kuchelewa.

Bibi Wajukuu Saba
Marahaba mwanangu. Nyumba yangu haikuwa na ngazi, na jiko lilikuwa nje. Nimekuelewa. Lakini mniambie, huyo mama akitaka dakika kumi za kuoga amweke wapi mtoto? Mnamnyang'anya woka hamumpi kitu.

Mama Pacha
Uzio wa kuchezea, bibi. Wangu walikuwa wawili, bila ule uzio nisingechana nywele mwaka mzima. Na kama Mjomba ana uwezo, hiyo ni zawadi ya maana kuliko zote zilizotajwa hapa. Tatizo haifungiki vizuri kwenye karatasi ya zawadi, ndiyo maana watu hawaifikirii.

Mjomba Pekee
Samahani, nilikuwa kazini. Mtoto anasimama kwa kushika kochi na anazunguka nalo hadi mwisho, akiachia anasimama dede kidogo halafu anakaa. Wanaishi ghorofani, ngazi ziko nje tu ya mlango, basi woka nimeifuta. Nimetenga kiasi kinachotosha jozi nzuri ya viatu vya ofisini. Dada sijamuuliza, nataka awe na mshangao.

Leo nimeona pia ngoma ya plastiki inayoimba na kuwaka taa. Watoto wote dukani walikuwa wanaigombania. Mnaionaje?

Shangazi wa Mtaa wa Pili
Mjomba, hapo kwenye ngoma naomba unisome hadi mwisho.

Mtoto wa kaka yangu alipotimiza mwaka nilimpelekea simu ndogo ya plastiki. Ukibonyeza inaimba, inawaka. Kila mtu siku ile aliisifu. Baada ya wiki kama mbili ikaanguka, kifuniko cha betri kikafunguka. Hakikuwa na skrubu, kilikuwa cha kubana tu, kucha inatosha kukifungua. Wifi yangu akaokota vipande, akarudishia, akaona haiimbi, akaiweka juu ya kabati. Hakuhesabu betri. Zilikuwa tatu, zile bapa za duara kama kitufe cha koti.

Jioni mtoto akaanza kutoa udenda mwingi, akakataa kunyonya, ukimlaza analia. Tukasema ni meno. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema meno, na nilisema kwa uhakika, mpaka wakanisikiliza. Saa zikapita. Kaka yangu aliporudi akaishusha ile simu atazame kwa nini haiimbi, akakuta betri mbili.

Hospitali walipiga eksirei. Picha ile naiona hadi leo: duara jeupe katikati ya kifua kidogo, na ndani ya duara kuna pete nyingine nyembamba. Daktari akatuonyesha kwa kalamu, akasema pete hiyo ndiyo inayowaambia kwamba ni betri, siyo sarafu. Ilikuwa imekwama kwenye umio. Akatueleza kwamba haihitaji kupasuka wala kuvuja. Ikilowana mate tu umeme unapita, na nyama inayogusana nayo inaweza kuungua vibaya ndani ya saa mbili. Waliitoa usiku uleule kwa mpira wenye kamera. Mtoto alilishwa kwa mrija wiki tatu.

Sasa ana miaka sita na anakula kila kitu. Kaka yangu hajanilaumu hata mara moja. Simu ile ninayo, iko kwenye droo yangu, kifuniko wazi.

Mama Pacha
Pole sana shangazi. Nimeinuka saa hizi kukagua rimoti zote za nyumbani.

Muuguzi wa Watoto
Pole, na ahsante kwa kueleza yote. Mkishuku tu kwamba mtoto amemeza betri, msimtapishe na msisubiri dalili, nendeni hospitali palepale. Tena kagueni na kadi za sherehe zinazoimba ukizifungua, humo ndani mna betri hizohizo na watu huziacha sakafuni na karatasi za zawadi. Maputo yaliyopasuka nayo yaokoteni yote. Kipande cha puto kinaziba koo la mtoto kama kizibo.

Sumaku ndogo zenye nguvu ndizo nyingine. Akimeza mbili zinavutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa.

Seremala Mstaafu
Sasa mnaona kwa nini nasema mbao.

Fundi Tableti
Mzee mbao nazo zina mambo yake, kuna zilizopakwa rangi usiyoijua imetoka wapi. Mimi ningenunua tableti ya watoto, yenye mfuko wa mpira. Dunia ndiko inakoelekea na itamfaa miaka mingi.

Mwalimu wa Chekechea
Ndugu yangu, siyo kwa mwaka mmoja. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 unasema kwa umri huo kukaa mbele ya kioo cha simu, tableti au runinga hakushauriwi kabisa, na hata akifika miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Unataka awe anatembea, anapanda, anabeba vitu, angalau saa tatu zikijumlishwa kutwa nzima.

Mjomba, kura yangu ni vitabu, tena wewe mwenyewe umsomee. Chagua vya picha moja kubwa kila ukurasa: mbwa, kikombe, mpira. Atavitafuna pembe, atavigeuza juu chini, atataka kilekile mara kumi mfululizo. Mwache. Kwenye ile mara ya kumi ndipo anapoweka kidole juu ya mbwa kabla hujasema mbwa.

Fundi Tableti
Sasa sisi tulio mbali na wazazi wetu tufanyeje? Mwanangu anamjua babu yake kwa simu ya video tu. Nayo nizime?

Muuguzi wa Watoto
Hapana, usizime. AAP wao huiweka simu ya video kando ya katazo hilo hata kwa walio chini ya miezi 18, kwa sababu pale kuna mtu anayemjibu mtoto. Babu akificha uso naye akacheka, hayo ni mazungumzo.

Fundi Tableti
Hapo umenipa amani. Babu yake anampigia kila jioni na mtoto akisikia mlio tu anatambaa kuufuata.

Mshonaji
Nimesoma uzi mzima hakuna aliyetaja nguo. Nunua ya namba ya mbele, ya miezi 18 hadi 24, maana za mwaka mmoja ataletewa na kila mgeni. Isiwe na kamba shingoni.

Bibi Wajukuu Saba
Na viatu je? Mtoto anayejifunza kutembea si anahitaji viatu vigumu vya kumshika kifundo?

Muuguzi wa Watoto
Ndani ya nyumba aende peku, bibi. Vidole vinahitaji kushika sakafu. Viatu ni vya kumkinga nje.

Bibi Wajukuu Saba
Sisi tulifundishwa viatu vigumu ndivyo vinavyonyoosha miguu.

Mama Pacha
Wangu mmoja alitembea peku na mwingine alikataa kuvua viatu hata kitandani, leo wanakimbia sawa. Mjomba, umempigia dada?

Mjomba Pekee
Nimempigia, mshangao nimeuacha baada ya kusoma habari za shangazi. Anasema ngoma za kuimba ameshaletewa mbili na atazikagua leo hii. Vitabu anavyo vitatu. Kigari anakipenda, ila anaogopa mtoto akikivuta ili asimame kitamwangukia, au kitamkimbia kwenye vigae. Mzee Seremala, hilo likoje?

Seremala Mstaafu
Dada yako ameuliza swali la fundi. Ukiwa dukani kiweke sakafuni, kandamiza mpini kwa kiganja kama mtoto anayejiinua. Magurudumu ya mbele yakinyanyuka, kiache hapohapo. Kizuri kina kitako kipana na uzito wake uko chini, na magurudumu unaweza kuyakaza yazunguke kwa shida. Angalia pia ukingo wa magurudumu, uwe na mpira, maana mbao tupu kwenye vigae inateleza kama sabuni. Akikipata, wiki za mwanzo mama aweke kitu kizito ndani, kilale chini kabisa. Hata vile vitabu vya Mwalimu vinafaa.

Mwalimu wa Chekechea
Vitabu vyangu visigeuzwe mawe jamani, mtoto atavitaka.

Mjomba Pekee
Kesho baada ya kazi naenda kukandamiza mipini. Nikikosa cha kuaminika nachukua vitabu, au ule uzio wa Mama Pacha, bado moyo haujatulia. Mzee, hizo mbao ngumu naweza kuomba masalio kwenye karakana?

Seremala Mstaafu
Unaweza. Waulize kwanza kama hazikutiwa dawa ya wadudu. Zenye dawa usichukue hata wakikupa bure.

Bibi Wajukuu Saba
Mshonaji, hivyo viatu vya nje unapimaje namba kama mtoto hasemi vinambana?

Mshonaji
Msimamishe juu ya karatasi, bibi, miguu yote miwili ikikanyaga, uchore unyayo kwa kalamu iliyosimama wima. Ukimpima amebebwa, mguu unakuwa mfupi kwa sababu haujabeba uzito. Pima jioni, ongeza upana wa kidole chako kidogo mbele ya kidole kirefu, halafu kunja soli kwa mkono mmoja. Ikikataa kukunjika, rudisha.