Nimempeleka binti yangu uwanjani kwa mara ya kwanza, tukaingia dakika ya 31

Mama Zuu, Mbagala

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani, nakaa Mbagala Kizuiani. Mpira nimeurithi kwa marehemu baba, aliyekuwa akinibeba mabegani kwenda Uwanja wa Taifa wa zamani, huu tunaouita Uhuru sasa. Timu yangu sitaitaja, mechi sitaitaja, wala uwanja, maana najua tukianza "nyie" na "sisi" swali langu litazama. Pale getini wa jezi nyekundu na wa jezi ya kijani wote walibanwa sawasawa.

Jumamosi nilimpeleka binti yangu wa miaka 9, mechi yake ya kwanza. Skafu nilimshonea mwenyewe, usiku wa Alhamisi, baada ya kumaliza sare za watu. Tiketi za mzunguko nilikata tangu Jumatano, yangu na yake. Mechi ilikuwa saa 10 jioni, sisi saa 7 na nusu tumeshashuka kwenye daladala. Sikuchelewa. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila nikisimulia, mtu wa kwanza ananiuliza mbona hukuwahi.

Geti lililoandikwa kwenye tiketi tulilikuta limefungwa mnyororo. Kijana wa kizibao cha njano akatuambia tuzunguke upande wa pili. Upande wa pili mwenzake akasema hapa ni VIP, rudini mlikotoka. Nikamwambia, mdogo wangu, tulikotoka ndiko tulikoelekezwa huku. Akanitazama, akasema, "Mama, hata mimi sijui, nimeletwa leo." Hakusema kwa kiburi. Midomo ilikuwa imemkauka kwa jua.

Kufika saa 9, watu wa mageti matatu tumekusanywa kwenye mlango mmoja. Aliye mbele hana pa kwenda, aliye nyuma anasikia ngoma ndani na anajua timu zimetoka kupasha misuli, basi anasukuma. Nilimshika Zuu mkono, kisha kiuno, kisha nikaona kifua chake kimebanwa kwenye mgongo wa mtu na mwenyewe halii tena. Alikuwa akilia, akanyamaza. Hapo nilipiga ukelele ambao sijawahi kuupiga. Kijana mmoja nisiyemjua, kavaa jezi ya wapinzani wetu, akamnyanyua, akampokeza mwenzake, na mwenzake akampokeza mwingine, mtoto anapita juu ya vichwa vya watu mpaka ukutani kwenye upenyo. Nilimfikia baada ya dakika kumi hivi. Skafu haikuwepo. Kiatu kimoja hakikuwepo. Yule kijana sikumwona tena, na kama anasoma hapa, Mungu amlipe.

Tuliingia dakika ya 31. Goli tulilofungwa dakika ya 12 sikuliona, nilisikia upande wa pili ukilipuka. Jukwaa letu lilikuwa nusu tupu, ngoma hazijaingia, na timu inacheza kama iko mazoezini: kiungo anapokea, anarudisha kwa beki wa kati, beki anarudisha kwa kipa. Winga wa kulia kanyoosha mkono mpaka kachoka. Kipindi cha pili watu walipokwisha kuingia wote, wimbo ukapanda, na wachezaji walewale wakaanza kukaba juu. Tulisawazisha dakika ya 78 kwa kona. Mimi naamini lile goli la dakika ya 12 lilianzia getini, na sitaki kubembelezwa kwamba ni bahati mbaya.

Nauliza mambo mawili. Mnaokwenda na watoto mnafanyaje? Na je, kuna aliyewahi kulalamika mahali akasikilizwa?

Mzee wa Keko

Mwanangu, pole sana, na mtoto apewe pole yake. La geti nakuunga mkono mia kwa mia. La goli nitakukatalia.

Mwaka 1993 Simba ilikwenda Abidjan, fainali ya Kombe la CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ikatoka 0-0 na Stella, timu ya huko. Marudiano ni hapa kwetu, Uwanja wa Taifa. Uwanja ulijaa, kelele zilikuwepo, na nilikuwa mmoja wa waliopiga kelele hizo mpaka sauti ikakata. Stella wakatufunga 2-0 mbele ya macho yetu na kombe wakaondoka nalo. Watu walitembea kwa miguu kurudi majumbani bila kusemeshana. Kelele hazimfundishi beki kusimama mahali pake.

Timu uliyoielezea ina ugonjwa wa katikati. Ukiona kiungo mkabaji anashuka kukaa baina ya mabeki wawili wa kati, na hakuna anayejaza nafasi aliyoiacha, mpira lazima urudi nyuma, hauna njia nyingine. Huyo winga angenyoosha mikono yote miwili asingepewa. Mwalimu ndiye aliyepaswa kuliona hilo dakika ya 10, akasubiri mapumziko.

Mchezaji wa 12

Kwa mechi kubwa watoto wakae nyumbani waangalie Azam TV. Uwanjani ni kwa watu wazima.

Mama Zuu, Mbagala

Mchezaji wa 12, mimi nilianza kwenda nikiwa na miaka 6. Leo nina 38 na bado nanunua tiketi. Ukiwafungia watoto nyumbani, baada ya miaka ishirini jukwaa utalijaza na nani? Na pale getini mwanamume wa makamo alizimia karibu yangu. Yeye hakuwa mtoto.

Mzee wangu, shikamoo. 1993 nakuachia, sina la kujibu. Lakini nami nikukumbushe 2019. Simba ilifungwa 5-0 kwa AS Vita kule Kinshasa na 5-0 kwa Al Ahly kule Misri, kikosi kilekile, mwalimu yuleyule. Wapinzani walipokuja hapa, Saoura ya Algeria alikula 3, Al Ahly 1-0, na tarehe 16 Machi Vita wakatangulia kufunga, tukageuza 2-1, kiungo wetu Chama akifunga dakika ya 90. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa kwa mechi tatu za nyumbani. Hilo hata mtani analikubali. Kama si watu, ni nini?

Mzee wa Keko

Marahaba mwanangu. Vita ile nilikuwepo. Nakupa nusu: kelele zinampa mchezaji miguu, akili ampe mwalimu. Zaidi ya hapo sishuki.

Kizibao Namba 40

Dada, inawezekana mimi ndiye yule kijana wa kizibao. Siyo wa mechi hiyo, ila nimewahi kuwa yeye, kwa hiyo nitasema nilichokiona.

Niliitwa kwa simu usiku wa kuamkia mechi. Rafiki yangu alisema kuna kazi ya siku moja uwanjani, fika saa 4 asubuhi na suruali nyeusi. Tulikuwa vijana wengi. Tukapewa vizibao, mtu akapita akituhesabu, akasema nyie hapa, nyie kule. Ramani ya uwanja sikuoneshwa. Sikuambiwa namba za mageti zinaanzia wapi, wala mlango upi wa dharura na ufunguo anao nani. Redio ya mawasiliano alikuwa nayo mtu mmoja, na saa 8 mchana hatukumwona tena. Maji tulijinunulia. Malipo yangu niliyapata baada ya wiki tatu za kupiga simu. Kampuni siitaji, ila najua si mimi peke yangu.

Sasa fikiria mtu huyo amesimama mbele ya watu elfu tano. Mashine ya kusoma kadi ikigoma kwa mmoja, foleni nzima inasimama, na mwenye kadi iliyogoma haondoki, maana amelipa. Nilichojifunza siku ile ni kwamba wa nyuma hawajui kabisa kinachotokea mbele. Hawana ubaya. Wanaona watu wanasogea hatua moja, wanadhani geti limefunguka, wanajaza. Mbele huku mtu anakosa pumzi. Hakuna aliyepewa kipaza sauti cha kuwaambia wa nyuma simameni. Kipaza sauti kimoja tu kingetosha, nakuapia.

Kuhusu mtoto: usiingie naye kwenye msongamano hata dakika moja. Ukiona foleni imepoteza umbo la foleni, toka pembeni, kaa mbali, subiri. Na usiwahi kurudi kinyume katikati ya watu, toka kwa ubavu. Ukibanwa, weka mikono mbele ya kifua kama bondia ili upate nafasi ya kuvuta pumzi.

Nakuomba radhi kwa niaba yetu.

Mtanga wa Leicester

Nimesoma hili la Kizibao Namba 40 mara mbili. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, niko Uingereza mwaka wa tisa, na wikiendi nafanya kazi hiyohiyo kwenye uwanja mmoja wa huku. Kabla sijasimamishwa mbele ya shabiki nilisomeshwa darasani, na kila mechi tunaanza kwa kikao: leo geti lipi lina nini, wageni wangapi, nani ana ufunguo upi.

Msidhani walizaliwa na akili hiyo. Ibrox, Glasgow, 1971, watu 66 walikufa kwenye ngazi wakitoka. Ndipo ukaandikwa mwongozo wa usalama wa viwanja, wenyewe wanauita Green Guide. Hata hivyo ikaja Hillsborough 1989, na waliokufa ni 97. Ile ilianzia nje, hivi anavyosimulia Mama Zuu: mageti machache, watu wengi, muda unakaribia. Polisi wakafungua geti la kutokea ili kupunguza msongamano wa nje, umati ukaelekea moja kwa moja kwenye njia ya chini inayoingia kwenye vizimba vilivyokwisha kujaa. Jaji Taylor aliyechunguza alisema mechi ilipaswa kucheleweshwa kuanza. Hilo tu, refa asubiri.

Kwenye mwongozo huo kuna namba moja ningependa kila kiongozi wa mpira wetu aiweke ukutani: geti moja la kuzungusha lisihesabiwe kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa. Uwanja wa Benjamin Mkapa unaingiza watu 60,000. Gawanya. Ukitaka waingie wote kwa saa moja unahitaji mageti 91 yanayofanya kazi bila kugoma. Kwa saa tatu, 31 hivi. Ukifunga mageti mawili kati ya matatu kwa mnyororo, hesabu haikubali, hata ukiweka askari kila hatua. Shabiki anaambiwa "wahini mapema". Amewahi, saa 7 na nusu. Geti nalo liwahi.

Na hili si la Ulaya tu. Olembe, Cameroon, Januari 2022, watu 8 walikufa nje ya uwanja, na geti lilikuwa limefungwa. Hapa kwetu tarehe 28 Mei 2023, fainali ya Yanga na USM Alger, mtu mmoja hakurudi nyumbani.

Wa Kariobangi

Dadangu, pole kutoka Nairobi. Sisi tulizika saba, Oktoba 2010, mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards pale uwanja wa Nyayo. Tangu siku hiyo mamangu hulala baada ya kusikia mlango umefunguka na nimeingia.

Wakati wa CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, Agosti 2025, watu wetu bila tiketi walivunja na kuingia uwanja wa Kasarani. CAF wakatutoza faini na kupunguza idadi ya watu wanaoruhusiwa. Niliumia, kwa sababu Harambee Stars, timu yetu ya taifa, walikuwa wamewapiga Morocco 1-0 wakiwa wachezaji 10, na kila mtu alitaka kuwa ndani. Lakini nitasema ukweli, sehemu ya kosa ni letu. Kuna mashabiki hujivunia kuingia bure. Yule anayeruka ukuta ndiye anakalia kiti cha mtoto wa mwenzake. Hao tusiwafiche kwa sababu tunaimba nao.

Kulalamika: mimi nilienda ofisini mara mbili, sikusikilizwa. Mara ya tatu tulienda kumi na wanne wa tawi letu, na barua moja yenye namba ya geti, saa, na picha. Tulipewa kiti na chai, na msimu uliofuata lile geti lilifunguliwa mapema. Usiende peke yako.

Mama Zuu, Mbagala

Nimesoma yote, mengine nimemsomea Zuu. Ile ya mikono mbele ya kifua tumeifanyia mazoezi hapa dukani, mimi na yeye na msichana anayenisaidia kukata.

Wa Kariobangi, asante. Tawi letu lina wanachama hai kama thelathini na wanakutana Jumapili kibandani. Nitakwenda na karatasi: namba ya geti, saa ya kufika, saa ya kuingia. Namba ya geti ninayo, ipo kwenye tiketi, nimeitunza. Hesabu ya 660 nitaiandika kwa kalamu nyekundu. Kizibao Namba 40, ukiruhusu, maneno yako ya kipaza sauti nayo yatakuwemo bila jina lako. Na wewe huna la kuombea radhi. Waliokupeleka pale bila ramani ndio waniombe.

Mzee wangu wa Keko, ile ya kiungo kushuka kati ya mabeki nimeangalia marudio ya mechi jana usiku. Dakika ya 12 ni hivyohivyo, nafasi iko wazi pale katikati, mshambuliaji wao kapita peke yake. Basi nami nakupa nusu.

Zuu hajasema hataki kurudi. Ameniuliza kama yule kaka wa jezi nyingine atakuwepo tena, na rangi ya uzi wa skafu mpya amechagua mwenyewe. Nimeshakata kitambaa.