Tupeane uzoefu: riwaya ya mwisho uliyosoma, ulizidiwa akili au ulichezewa rafu?

Kurasa za Usiku (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Mimi si mhakiki wala mwalimu wa fasihi. Nasoma kitandani, nikisinzia kitabu kinaniangukia usoni. Upelelezi, vitisho, mambo ya angani, chochote mradi kuwe na kisa. Juzi nimemaliza riwaya moja ya upelelezi niliyoazimwa, na bado nina kinyongo. Si na mwandishi, ni na msomaji mwenzangu nisiyemjua.

Iko hivi. Ukurasa wa 31 anaingia daktari wa familia. Anavua kofia, anaomba radhi kwa kuchelewa, anakaa. Basi. Pembeni ya aya hiyo kuna mtu kachora mshale kwa penseli na kuandika NDIYE HUYU, akapiga mstari chini mara mbili. Nguvu ziliniishia mwilini, maana ndiyo kwanza nimeanza kunogewa.

Nikaendelea hivyo hivyo, kurasa zaidi ya 300, nikimkodolea macho daktari. Akiosha mikono, nasema ehee. Akikohoa, nasema arobaini zako zimefika. Kuna mahali anamkanda bibi mmoja mguu, nikaruka kurasa mbili mbele kuangalia kama bibi bado yu hai.

Muuaji si yeye. Wala hakaribii. Aliyeandika alikuwa anakisia tu, na alipogundua amekosea hakurudi kufuta. Kichekesho ni kwamba muuaji halisi alikuwa wazi mno. Bila ule mshale ningemshtukia ukurasa wa 100. Yaani mwenye penseli alimfichia mwandishi muuaji wake kuliko mwandishi mwenyewe alivyoweza.

Sasa tupeane uzoefu. Kitabu ulichosoma karibuni, mwandishi alikuzidi akili kwa haki, au alikuchezea rafu? Sharti moja: usituharibie uhondo. Kama lazima utaje kisa, tahadharisha kwanza.

Sikio la Kulia

Mimi sisomi, nasikiliza. Vitabu vya sauti, huku napiga pasi. Mwezi uliopita nilikuwa na kimoja ambacho muuaji anawapigia simu polisi usiku kuwakejeli, na jina halitajwi. Msimulizi wake ni fundi kwelikweli. Bibi kizee ana sauti yake, mlinzi ana yake, mtoto ana yake. Tatizo likawa ufundi huo huo. Simu ya pili tu, yule "mtu asiyejulikana" akavuta pumzi puani kabla ya kusema "sikiliza", vilevile kama anavyovuta kaka wa marehemu. Pasi nikaiweka kando, nikarudisha nyuma dakika mbili. Ndiye. Yamebaki masaa saba na mimi nimeshamtia mbaroni.

Mwandishi wa watu hana kosa hapo. Lakini nami nilikuwa nimeshanyimwa haki yangu ya kukisia.

Ndoa ya Wino

Pole, lakini bora wewe ulikamata. Mimi nimepigwa na PACHA.

Mtuhumiwa ana ushahidi wa chuma, alikuwa mkutanoni mbele ya watu 60. Nikavunja kichwa kurasa 400 nikitafuta namna gani mtu anaweza kuwa mahali pawili. Sura ya mwisho anaibuka ndugu yake pacha. Hajatajwa popote. Hakuna picha ukutani, hakuna mama aliyeteleza ulimi, hakuna hata jirani aliyesema "mbona nimekuona saa hizi kule?" Nilikaa nimekishika kitabu mkononi kama mtu aliyeuziwa simu ya maboksi.

Mwenye Kiko

Hapo una haki ya kudai, na sheria ipo. Ronald Knox, padri Mkatoliki wa Uingereza aliyekuwa pia akiandika riwaya za upelelezi, aliweka amri kumi za mchezo huu mwaka 1929. Mhalifu atajwe mapema. Sumu ambayo haijagunduliwa, marufuku. Chumba au njia ya siri isizidi moja (hii hunichekesha kila mara, yaani moja ruksa!). Na amri ya kumi ni ya kwako kabisa: pacha wasitokee mpaka msomaji awe ameandaliwa ipasavyo. Umedhulumiwa tangu 1929.

Kwa upande wangu nimerudia *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla. Kilishinda shindano la uandishi la 1957-58, kikachapishwa 1960. Nilipokisoma utotoni nilimwona Bwana Msa, mpelelezi wake, mzito. Anavuta kiko, anauliza maswali, anavuta tena kiko, hapigi mtu! Mimi nilikuwa upande wa Willy Gamba wa Elvis Musiba, wa bastola na mbio. Safari hii nimegeuka. Ngumi ukishazijua huzirudii, lakini maswali ya Bwana Msa niliyarudia nikijua jibu, na nikaona kwa nini aliuliza hili kabla ya lile. Na aliyenifurahisha zaidi ni Najum, msaidizi wake. Anaona yote anayoyaona Bwana Msa na bado haoni kitu. Ndiye mimi yule.

Alamisho

Naweka kambi hapa.

Taa Haizimwi

Kuna kuficha na kuna kusema uongo, wakuu, na mimi tofauti hiyo nimefundishwa mwezi huu na *The Murder of Roger Ackroyd* cha Agatha Christie. Najua nimechelewa, ni cha 1926. Kilipotoka kuna wasomaji waliokuja juu wakasema hii si haki. Kwa nini, sisemi.

Nitasema tu nilichofanya nilipomaliza, saa nane usiku. Nilirudi mwanzo kukagua, kama mtu anayehesabu chenji akiwa ameshafika nyumbani. Nilikwenda na nia mbaya, nilitaka nimkute na uongo. Nikakuta sentensi moja niliyoipita mbio mara ya kwanza. Kila neno lake ni kweli. Ila kuna mahali muda unaruka kidogo, na mimi sikuuliza ule muda umekwenda wapi. Nilicheka peke yangu gizani. Nimezidiwa, sikuibiwa.

Nikajisemea basi, sasa natafuta kitabu ambacho hakinifichi. Nikaangukia *The Devotion of Suspect X* cha Keigo Higashino, Mjapani, cha 2005. Huyu anakumwagia vyote sura ya kwanza: nani kaua, nani kauawa, kwa nini, mpaka waya uliotumika. Jirani, mwalimu wa hisabati, anajitolea kuwasaidia kuficha. Nikajiona mjanja, mimi najua, polisi hawajui, nitakaa nikipunga upepo. Ilivyokwenda ni kwamba jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo, ila swali lenyewe nilikuwa nimelikosea. Hili la pili limeniuma kuliko la kwanza, kwa sababu nilikuwa nimeshajiandaa.

Ndoa ya Wino

Mkuu, hapo kwenye "muda unaruka" umeshamwaga mtama kidogo. Nilikuwa nataka kukisoma hicho.

Taa Haizimwi

Nimekoma. Jifanye hukuona.

Mgeni wa Sayari

Wote mmejazana kwa wapelelezi, ngoja niwaletee ya angani. Nimesoma *Binti* cha Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Hakifiki kurasa 100, nilikimaliza kwa mkao mmoja. Kilichonivuta ni jina, na jina hilo hilo likanisumbua, maana ukisoma kwa sikio la Kiswahili unabaki unangoja: binti nani? Likaja jina kamili, Binti Ekeopara Zuzu Dambu Kaipka. Zuzu! Na msichana mwenyewe ni bingwa wa hesabu. Nilicheka mpaka nikapoteza mstari.

Ni Mhimba, kutoka Namibia. Anatoroka kwao watu wamelala, anakwenda chuo kikuu kilicho sayari nyingine, na amebeba otjize, ule udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta wanaojipaka. Sehemu za udongo ule ndizo nilizozipenda kuliko vita vyote. Anajipaka, unabanduka, anahesabu umebaki kiasi gani. Ukiisha, ataupata wapi nje ya dunia? Hofu ndogo kama hiyo mimi naielewa kuliko vyombo vya anga vinavyolipuana.

TAHADHARI, NATAJA KISA. Viumbe wanaoitwa Meduse wanavamia chombo na kuwaua wanafunzi wenzake wote. Wenzake aliokuwa akicheka nao. Kurasa chache mbele mazungumzo ya amani yameshaanza, na Meduse mmoja anakuwa kama rafiki. Kilipata tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kisayansi, mwaka 2016, sawa, hongera. Mimi nilitaka kurasa 50 zaidi za hasira. Damu haijakauka sakafuni tunapeana mikono? Hiyo kwangu ni rafu, hata kama ni ya upole.

Kobe Hakimbii

Mgeni, mimi nakupinga. Uko peke yako ndani ya chombo na waliowaua wenzako, una miaka 16, mlango hauna pa kutokea. Ungeanza na hasira au ungeanza na kutafuta namna ya kufika ukiwa hai? Amani yake niliiona ni woga uliopiga hesabu. Na unachokidai kipo: soma cha pili, *Binti: Home*, cha 2017. Maiti zile zinamrudia, anashikwa na kiwewe, hasira zinampanda hata mwenyewe anajishangaa.

Mgeni wa Sayari

Nitakisoma, lakini kitabu kimoja kisinitume kwa kingine nikadai deni lake.

Nikiwa bado na kipaza sauti, niongeze la *Dune* cha Frank Herbert, cha 1965, nimekimaliza baada ya kukiacha mara mbili. Nyuma kuna orodha ndefu ya maana za maneno, na nasikia wengine wanaisoma kama sala. Mimi nikakutana na Lisan al-Gaib, jina la nabii wanayemngoja, nikasema we! Ghaibu si ndiyo hii yetu, ya "amehifadhi kwa ghaibu"? Mahdi, huyo hahitaji kutambulishwa. Kisha kijana mhusika mkuu anajichagulia jina Muad'Dib, la panya wa jangwani, na mwenyeji wake anamwambia kwamba panya huyo wanamwita pia mfunza watoto. Adabu! Ile ile! Herbert alichota Kiarabu, na sisi kisima hicho tulishakichota siku nyingi.

Sasa nikiri kitu. Ujuzi huo ulinipunguzia raha. Maneno ambayo mwingine anayasikia kama ya sayari ya mbali miaka maelfu ijayo, mimi yananirudisha nyumbani, nasikia watu wazima wakiongea. Kurasa zile ambazo nilitakiwa niduwae, nilikuwa nasahihisha matamshi.

Moyo Mweupe

Mimi nasoma za mapenzi na najua mnavyozidharau. "Mwisho unajulikana." Na wenu je? Muuaji asipopatikana si mnarusha kitabu dirishani? Kila mtu hapa ana ahadi aliyonunua. Mimi nimenunua kwamba wawili hawa watapatana. Ninachotaka kujua ni wanafikaje.

Rafu yangu mimi ni hii, na nimekutana nayo wiki iliyopita: wamekosana sura ya 6 kwa sababu alimwona na mwanamke mwingine kituo cha basi. Ni dada yake. Msomaji anajua ni dada yake. Mpaka sura ya 29 hakuna aliyeuliza! Wana simu wote wawili! Wanatumiana nyimbo usiku, lakini "yule alikuwa nani?" hakuna wa kuandika. Niliongea peke yangu mpaka mwenzangu akaja kuchungulia chumbani.

Ndoa ya Wino

Bora angekuwa na pacha.

Moyo Mweupe

😂😂

Hofu Kidogo

Mimi nilifuata kutishwa nikaishia kuona huruma, sijui hiyo mnaiitaje. *Frankenstein* cha Mary Shelley, 1818. Kwanza nilidhani Frankenstein ndiye zimwi, kumbe ni jina la mwanafunzi aliyeliumba. Zimwi halina jina kabisa. Pili, nilitegemea lingekuwa la kunguruma. Linaongea! Linajificha kibandani, linachungulia familia ya jirani kupitia ufa ukutani, miezi na miezi, mpaka linajifunza lugha yao. Linawakusanyia kuni usiku wakiwa wamelala, asubuhi linawaangalia wanavyoshangaa. Halafu linaokota vitabu, linasoma, linalia.

Muumba wake alilikimbia usiku ule ule lilipofumbua macho. Limeua watu baadaye, sikatai, na wengine hawakuwa na hatia hata chembe. Lakini mimi kila likiingia nilikuwa nauliza, leo limekula? Usiku huo nililala taa imezimwa kama kawaida, kwa hiyo kama cha kutisha kimefeli. Ila ule ufa ukutani bado ninao kichwani, na ni wiki ya tatu sasa.

Sikio la Kulia

Hicho nakitafuta cha kusikiliza. Natumaini zimwi halina pumzi za puani.

Mwenye Kiko

Mleta uzi, umetuacha njiani. Kile kitabu chenye mshale ulikifuta?

Kurasa za Usiku (mleta uzi)

Nilikirudisha kwa mwenyewe, naye hajui penseli ni ya nani; alikikuta hivyo hivyo kwenye vitabu vilivyotumika. Nilishika kifutio kabisa. Nikafikiria muuaji alivyo wazi bila ule mshale, nikakirudisha kifutio mezani.

Sasa hivi kiko kwa mdogo wangu, naye kakiazima. Ujumbe wake wa jana usiku huu hapa: "Kaka, niko ukurasa wa 60. Huyu daktari mbona anaosha mikono sana?"