Nyumba ya udongo, fito na makuti Bagamoyo, itadumu kweli?

Kiwanja_Bado: Wakuu habari zenu, nina kiwanja Bagamoyo nataka nijenge kinyumba cha vyumba viwili kwa vitu vinavyooza vikarudi ardhini, yaani udongo, fito na makuti, saruji iishie kwenye msingi tu, ila fundi ananicheka eti mchwa watamaliza kabla sijahamia. Inawezekana au nirudi kwenye bloku na bati?

fundi_udongo: Inawezekana sana mkuu. Msingi wa mawe upandishe kama futi moja na nusu juu ya ardhi, ukuta wa udongo unaliwa na maji ya paa yanayodondoka na kuruka pale chini, kwa hiyo paa nalo lichomoze nje vya kutosha. Na usije ukapiga plasta ya saruji juu ya udongo!! Haipumui, unyevu unabaki ndani mwisho inabanduka mapande mapande na udongo wake. Piga chokaa.

Dada wa Pwani: Makuti yanataka mwinuko mkali, nyuzi 45 hivi, paa likilala maji yanatuama yanaoza upesi. Jiko la mkaa weka nje lol

mzee_fito: Fito za mikoko usikate bila kibali, utashikwa. Tumia mianzi iliyokomaa, kuanzia miaka 3, iloweke kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki (dawa za unga za kuzuia wadudu), bila hivyo dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mbao, wanaifuata ile wanga ya ndani unaanza kuona unga unadondoka.

Kiwanja_Bado: Boraksi inauzwa wapi?

mzee_fito: Maduka ya kemikali, ulizia ya kilo.